Sarafu Chini ya Mlingoti

Dagny aliubonyeza ukingo wa sarafu kwa kidole gumba, na maji yakatoka. Tone moja tu, rangi ya chai iliyolala, likamkaa juu ya ukucha. Akalinusa. Lilinuka uyoga.

Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, mwishoni mwa Aprili, naye alikuwa amepiga magoti ndani ya tumbo la Asta, mashua ya mumewe, akiifuta vumbi la majira ya baridi kabla haijatolewa bandani. Mbele yake kilikuwa kitako cha mlingoti: gogo fupi la mwaloni lililolala juu ya mkuku, uti wa mgongo wa mashua, lenye tundu la mraba ambamo mguu wa mlingoti huingia na kusimama. Chini kabisa ya tundu hilo ilikuwamo sarafu ya shaba ya ore tano, aliyoiweka baba mkwe wake siku mashua ilipoundwa, kama wafanyavyo waundaji wote wa visiwa vile. Sarafu hiyo huwekwa mara moja, wala haiguswi tena mpaka mashua ife.

Juu ya sarafu ilitanda gundi ya epoksi, ambayo Dagny mwenyewe aliipaka majira ya baridi ya mwaka juzi. Mahali pengine pote gundi ilikuwa angavu kama asali, na mishipa ya mwaloni ikaonekana chini yake waziwazi. Lakini kuizunguka sarafu ulikuwa umeingia weupe, kama ule wa jicho lililoanza kupofuka, na katikati ya weupe huo ulipita ufa mwembamba mfano wa unywele.

Hakuhitaji kuambiwa. Epoksi ikipakwa juu ya mbao kavu huyafungia maji nje. Ikipakwa juu ya mbao yenye unyevu huyafungia ndani, na maji yaliyofungiwa hayana kazi ila kuozesha. Vagn, mumewe, alikuwa amemwagiza bayana: "Ing'oe hiyo sarafu, mama. Likaushe tundu kwa taa siku tatu, linyweshe gundi mara tatu, ndipo uirudishe." Usukani aliukausha, akaunywesha. Mataruma yaliyo mbavu za mashua, fremu za madirisha, ncha za mbao zilizokatwa ambazo hunywa gundi kama mwenye kiu ya safari, zote alizifanyia haki yake. Alipofika kwenye sarafu alitia ncha ya bisibisi chini yake, na mkono ukakataa. Hakuwa mtu wa kuamini nuksi. Ila wafu nao wana adabu yao, na baba mkwe alikuwa mtu mwema kwake. Akapaka gundi juu ya sarafu, akamwendea mumewe, akamwambia, "Tayari."

Mlango wa banda ukalia.

"Umefia humo?" Vagn aliuliza kutoka chini.

"Bado. Nikifa nitakuita uje unifute vumbi."

Akacheka. Alikuwa seremala aliyeifanya kazi hiyo miaka arobaini, mrefu, mwenye mabega yaliyoanza kuinama, na mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni. Ulikuwa mfukoni tangu majira ya baridi yale yale, ulipoanza kutetemeka. Na ukimwondoa daktari wa ng'ambo ya maji, watu wawili tu walijua kwa nini. Ndiyo maana Dagny ndiye aliyeshika brashi. Alipima gundi, vikombe viwili vya hii kwa kimoja cha kigumishi, akakoroga, akapaka, akapiga msasa. Kisha Vagn akasimama bandarini mkono mfukoni, akapokea sifa za watu. Walikubaliana hivyo bila ya kukubaliana.

"Kitako kimekaaje?" aliuliza.

Dagny akaliweka tambara juu ya tundu. "Kina vumbi."

"Vumbi halijamwangusha mtu mlingoti," akasema Vagn, akaenda zake akipiga mluzi.

Dagny alibaki ameshika tambara. Chini ya tambara ilikuwa sarafu, na chini ya sarafu alijua sasa kilichokuwako. Mlingoti wa Asta ulikuwa na uzito wa watu watatu. Mguu wake ukididimia katika mwaloni uliooza, nyaya zinazoushikilia zitalegea. Na nyaya zikilegea upepo wa kwanza wenye hasira utaulaza mlingoti juu ya waliomo. Na Jumatatu waliomo wangekuwa watoto.

* * *

Thyra, binti yao wa pekee, alikuwa mwalimu wa shule ya kisiwa. Aliingia jikoni adhuhuri na orodha mkononi, akaiweka kati ya mkate mweusi na sahani ya samaki wa siki.

"Tisa," alisema. "Wote wazazi wao wametia saini. Hata yule mama aliyesema baharini kuna baridi."

"Kuna baridi kweli," Dagny akasema.

"Mama, tumeshayazungumza haya."

"Sijasema kitu. Nimesema kuna baridi."

Tangu Machi shule ilikuwa ikingojea safari hiyo. Vagn alikuwa ameikabidhi Asta kwa binti yake ili awafundishe watoto kusafiri kwa tanga, na siku alipoikabidhi alinyoosha mkono wa kushoto, akisema wa kulia ulikuwa na gundi. Thyra aliamini. Sasa Vagn aliinua kikombe cha kahawa kwa kushoto, kikiwa kimejazwa nusu. Dagny hakumjazia zaidi ya nusu mwaka wa pili sasa, na alilifanya jambo hilo bila hata kumtazama.

Kresten, msimamizi wa bandari, aliingia bila kubisha, kama ilivyo desturi ya jirani. Alikuja kupanga zamu ya kreni. Kreni ililetwa kisiwani kwa feri siku moja tu kila masika, na wenye mashua walichangia kodi yake kwa saa; aliyekosa zamu yake alikaa nchi kavu hadi iletwe tena mwishoni mwa Juni.

"Ninyi wa tatu," alisema, akijikatia mkate kwa kisu chake mwenyewe. "Haya, plastiki haijambo?"

"Haijambo," Vagn akajibu. "Lami yako nayo?"

"Lami ni dawa ya mababu, Vagn. Mbao ni kama mtu, inapumua. Mtu ukimziba pua na mdomo, hujamhifadhi, umemzika."

"Nawe wako unampaka lami miaka thelathini, na kila masika unambadilisha ubavu mmoja. Sijui ni yule yule bado au umeshaoa mwingine."

Thyra alicheka mpaka akashika meza. Kresten hakuudhika, wawili hao walikuwa wakibishana hivyo tangu kopo la kwanza la epoksi lilipoingia kisiwani. Aliinua kisu chake akakitazama.

"Kesho nitakichomeka hiki ndani ya Asta. Mahali nitakapopenda."

"Chomeka," Vagn alisema. "Kikizama hata upana wa ukucha, nitapanda jukwaa la bendera nitangaze kwamba wewe ndiye uliyekuwa sahihi siku zote."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu na wake zao."

"Shahidi yangu ni Dagny," alisema Kresten.

Dagny alikuwa akifuta sahani, macho yamemlowa. Alisema moshi wa jiko umemwingia machoni, ijapokuwa jiko halikuwa limewashwa.

* * *

Mara mbili alasiri ile alimwendea mumewe kwa nia ya kusema. Mara ya kwanza alimkuta amelala kitini, mdomo wazi. Mara ya pili alimkuta barazani akipigana na vifungo vya sweta. Kifungo kimoja kilikuwa kimemshinda. Kila kidole kilipokaribia tundu, mkono mzima ulirukaruka kama samaki aliyetupwa sakafuni. Dagny akamshika kifundo cha mkono kama alivyozoea, ukatulia, akamfungia.

"Nimebaki na mashua hiyo tu," Vagn alisema akitazama bahari. "Watu wakiiona wanasema, Vagn bado yuko. Acha waseme mwaka mmoja zaidi."

Dagny akamnyooshea kola ya sweta, akaenda zake.

Alirudi bandani. Alichukua kitobozi cha kushonea matanga akakichoma ukingoni mwa sarafu. Kikazama, bila ya kushindana naye, mpaka upana wa vidole viwili. Akakichomoa haraka kama aliyemchoma mtu.

Shetani hana haja ya mlango mpana. Dagny aliwaza: nikilichimba tundu dogo, nikalijaza gundi nzito yenye unga wa mbao, nikapaka rangi juu, nani atajua? Gundi ni ngumu kuliko mwaloni. Kisha akili yake nyingine, ile iliyofunzwa na majira mawili ya baridi, ikamjibu kwamba gundi haishiki mbao iliyolowa. Itakuwa jino la dhahabu katika ufizi uliooza. Hata hivyo akapima. Viwili kwa kimoja. Akakoroga kwa kijiti dakika mbili nzima, akihesabu.

Akasimama juu ya kitako na kikombe mkononi. Akamkumbuka Thyra, ambaye kesho angekuwa ndani humo akiuongoza mguu wa mlingoti kwa mikono yake miwili. Akazikumbuka saini tisa. Akayakumbuka mabega ya Vagn. Kila alipoelekeza kikombe kwenye tundu mkono ulikataa, na kila alipotaka kukiweka chini mkono ulikataa vilevile.

Epoksi haimngoji mtu aamue. Iliyopakwa nyembamba hukauka polepole, lakini iliyokusanyika kikombeni hujipasha moto yenyewe. Dagny alihisi joto kiganjani, kisha mchomo, na kabla hajajua afanye nini kikombe kilikuwa kikifuka moshi, kijiti kikiwa kimesimama wima katikati, hakitoki. Akakitupa sakafuni. Kikadunda kama jiwe.

Alikaa ubavuni mwa mashua akikitazama. Mlango ukafunguka kidogo, na sauti ya Thyra ikauliza kunanuka nini.

"Gundi ilinizidi," Dagny alisema. "Nenda mwanangu, nakuja."

* * *

Siku ya kreni ni sikukuu kisiwani. Bendera hupandishwa, mikate midogo yenye hiliki hutolewa katika vikapu, na wanaume hunywa kigilasi cha kileo kichungu saa mbili ya asubuhi bila ya kulaumiwa na mtu. Asta ilishushwa majini ikiwa ya tatu, ikaelea bila ya kuvuja hata tone, na watu wakapiga makofi.

"Angalia mng'ao huo," alisema mmoja. "Mikono ya Vagn hiyo."

Vagn akaitikia kwa kichwa, mkono mfukoni.

Ebbe, mwendesha kreni, akauinua mlingoti. Uliondoka kwenye magogo yake, ukasimama hewani, ukaanza kuteremka juu ya sitaha. Thyra alikuwa tayari ndani. Kupitia tundu la sitaha Dagny aliziona nywele zake na mikono miwili iliyonyooshwa juu kupokea. Mguu wa mlingoti ukaingia tundu la sitaha. Ukabaki urefu wa mtoto kufika kitakoni.

"Ebbe," Dagny alisema. "Simamisha."

Hakuinua sauti, na labda kwa sababu hiyo Ebbe alimsikia. Mlingoti ukasimama hapo ukiyumba. Dagny alipanda mashuani, akainama juu ya tundu la sitaha.

"Toka humo, Thyra."

"Mama, tunalipa kwa saa."

"Nimekwambia toka."

Thyra akatoka. Ebbe akauinua mlingoti tena, akauweka pembeni. Dagny alishuka ndani na bisibisi, na safari hii mkono haukukataa. Sarafu ikachomoka pamoja na kipande cha gundi kilichoganda, na chini yake mwaloni ulikuwa mweusi na laini, ukichimbika kama keki iliyolowa. Aliposukuma, bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Akaiacha imesimama humo.

Alipoinua uso Vagn alikuwa ameinama juu yake.

"Uliniambia umeing'oa," alisema.

"Nilikuambia."

"Mwaka na nusu."

"Ndiyo. Niliogopa kuigusa, ni ya baba yako. Kisha nikaogopa kukuambia." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Jumatatu kuna watoto tisa, Vagn."

Kresten alikuwa ameshapanda mashuani na kisu chake mkononi, amechungulia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata asichokitarajia.

"Basi sina hata haja ya kukichomeka," alisema. "Nilisema. Mzibe pua na mdomo. Na hata fundi mkubwa mkono wake huteleza." Akaelekeza kidevu chake kwenye nguzo ya bendera. "Jukwaa lile pale."

Watu kadhaa walicheka. Si kwa ubaya, ila kicheko cha umati hakina kipimo. Vagn alinyooka.

"Huo si mkono wangu," alisema.

Dagny akapanda sitahani. Ni haki yake, aliwaza. Aseme. Akamtazama mumewe akishuka mashuani, akiupita umati, akipanda ngazi tatu za jukwaa la bendera kwa mwendo wa mtu aendaye kutoa ushahidi. Pale juu akageuka, akautoa mkono wa kulia mfukoni, akauinua watu wauone.

Uliruka. Ulitetemeka kuanzia kiwiko, na mshipi wa saa ukagongagonga kifundo. Hakuna aliyecheka tena.

"Mkono wangu ndio huu," Vagn alisema. "Haujashika brashi tangu mwaka juzi. Kila ubao unaong'aa ndani ya Asta umepakwa na mke wangu, nami nilisimama hapa nikazila sifa zake pamoja na mikate yenu. Kosa hilo moja pia ni lake. Lakini mwenye kuiba kazi huiba na makosa yake, kwa hiyo fedheha ni yangu. Kresten, chomeka kisu mahali pengine popote. Nitangoja hapa."

Kresten akachomeka. Alijaribu usukani, mataruma, chini ya madirisha, ncha za mbao ambako uozo hupenda kuanzia. Kisu kiliteleza kila mahali. Mwisho akakifunga.

"Aliiacha sarafu," alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Mimi pia ningeiacha. Yangu haijaguswa tangu babu." Akaitazama mashua yake iliyokuwa ikingoja zamu ya tano, na rangi ikambadilika kidogo. Saa sita mchana watu walimwona amelala kifudifudi ndani yake na tochi.

Thyra alimwendea baba yake penye jukwaa, akauangalia mkono ule kwa muda mrefu.

"Siku ile haukuwa na gundi," alisema.

"Haukuwa."

"Mngeniambia."

"Tungekuambia," Vagn alisema, "kama tungekuwa watu wenye akili."

Thyra akaitoa orodha mfukoni, akaikunja mara mbili. "Jumatatu hawaendi," alisema, akaondoka kwenda kuwaarifu wazazi, mmoja mmoja, mlango kwa mlango.

* * *

Walitumia wiki nne kukichimba na kukitengeneza kitako, bila ya mlingoti, mashua imefungwa gatini huku nyingine zikitoka na kurudi. Dagny alikata mpaka mwaloni ulipotoa harufu ya mwaloni. Alikausha kwa taa siku kumi, akitia mkono kila asubuhi na kila jioni. Aliunga kipande kipya, akaipasha mbao joto kwanza na kuipaka inapopoa, ili iivute gundi ndani badala ya kutoa mapovu. Na baada ya kila mpako akaosha kwa maji utando wa nta ulioachwa juu na gundi, akapiga msasa, akapaka tena. Watu walikuja kutazama. Walimwuliza yeye, wala hawakumwuliza Vagn, na mara ya kwanza alijibu akiangalia chini.

Vagn alikaa kwenye kreti juu ya gati, mikono yote miwili magotini. Wengine waliuangalia ule wa kulia. Wengine waliangalia bahari. Mtoto mmoja wa shule alimwuliza kama unauma, akasema hauumi, ila unachosha kama mgeni asiyeaga.

Siku ya mwisho ya Mei Dagny alipiga kitako kwa nyundo ya mbao, na mlio ukawa mkavu kila upande. Tundu liling'aa lote, chini na pembeni, bila ya weupe. Akaitoa sarafu katika mfuko wa aproni. Alikuwa ameiosha kwa siki, na mwaka ukasomeka.

"Iweke wewe," alisema.

Vagn akateremka, akapiga magoti, akaishika sarafu kwa mkono wa kulia. Ilianza kugonga kuta za tundu, ta-ta-ta-ta, sauti ndogo kali iliyosikika mpaka gatini, ambako Kresten alikuwa amesimama akingoja. Mkono wa Dagny ukainuka wenyewe kwenda kukishika kifundo chake, kama alivyofanya kwa kikombe, kwa vifungo, kwa kila kitu. Akaurudisha, akaukalia.

Sarafu iligonga, ikagonga, ikapotea njia, ikarudi. Ilichukua muda. Kisha ikalala chini ya tundu, na mlio ukakoma.